Kabla ya kumkabidhi mzee mwenye ugonjwa wa kusahau: jinsi ya kupima mahali na watu, Tanga

Mzee anapofika hatua ya kutoka nje saa nane usiku akisema anawahi kazini, familia yake huwa imeshabeba mzigo huo kwa muda mrefu kuliko majirani wanavyojua. Mtoto mmoja ndiye aliyebaki naye Makorora au Kisosora, wengine wako Dar es Salaam wanatuma hela, na yule aliyebaki hajalala usiku mzima tangu mwaka jana. Kutafuta msaada hapo si kumtupa mzazi. Lakini unamkabidhi mtu ambaye hawezi tena kueleza alichotendewa, kwa hiyo kazi ya kupima ni yako peke yako, na inabidi uifanye kabla, si baada.

Nitakuelekeza nionavyo mimi, na msimamo wangu ni huu: usivutwe na jengo wala maneno ya mwenye nyumba. Angalia mhudumu anafanya nini mgonjwa anapouliza swali lile lile kwa mara ya kumi, na angalia nyumba ikoje saa ambazo mgeni hatarajiwi. Vipimo hivi ni vilevile iwe ni makazi ya wazee, nyumba ya ndugu, au mlezi wa kulipwa atakayehamia kwenu.

Hatua ya 1: Apimwe hospitali kwanza

Si kila anayesahau ana demensia, yaani ugonjwa wenyewe wa kusahau. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi kufanya kazi chini ya kiwango, sonona, dawa zinazogongana, hata damu iliyovujia taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka, vyote vinaweza kumfanya mzee aonekane amepotewa na akili, na vyote vina matibabu. Asiyesikia vizuri naye hudhaniwa amesahau, kumbe hakusikia swali. Nendeni hospitali ya Bombo, au ya wilaya iliyo karibu nanyi, mtumie dirisha la wazee, mkabebe dawa zote anazomeza pamoja na zile za mitishamba.

Jambo jingine la kujua mapema: demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyechanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili ana kitu kingine juu yake, mara nyingi malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji au sukari iliyoshuka. Hiyo ni dharura. Shika jambo hili, maana utalitumia kama swali mbele ya safari.

Hatua ya 2: Fahamu kilichopo

Makazi ya wazee ya serikali yapo Mwanzange, lakini yamewekwa kwa wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, na njia ya kuingia hupitia ofisi ya Ustawi wa Jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele, na makazi yanakuwa njia ya mwisho. Mwenye watoto wenye kipato asitegemee kupokelewa pale ili watoto wapumzike, na si haki kuichukua nafasi ya mzee asiye na mtu. Kuna wanaofikiria pia Lutindi, kule Korogwe. Ile ni hospitali ya wagonjwa wa akili, inatibu, na daktari anaweza kuwaelekeza huko kukiwa na sababu. Si mahali pa kumhamishia mzee akaishi.

Kwa hiyo kwa familia nyingi kinachobaki ni nyumba chache za watu binafsi au za taasisi za dini, nyumba ya ndugu, au mlezi wa kulipwa. Kabla hujafunga safari kwenda kuangalia nyumba yoyote, pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika, iwe ya Jiji la Tanga, Muheza, Pangani au Korogwe. Muulize: nyumba hii mnaijua? Imesajiliwa? Mmewahi kuikagua? Mwenyekiti wa mtaa naye aulizwe, na mama ntilie wa jirani pia, kwa sababu yeye husikia kelele za usiku ambazo afisa hazisikii. Nyumba isiyojulikana na ofisi hiyo, mimi nisingempeleka mzazi wangu.

Kuhusu umbali nina maoni makali kidogo. Nyumba ya wastani unayoweza kufika kwa bajaji baada ya kazi ni bora kuliko nyumba nzuri ya Dar ambayo utaiona mara mbili kwa mwaka. Wahudumu humtunza zaidi mgonjwa ambaye watu wake huonekana. Ndivyo binadamu walivyo, na ni vizuri kupanga ukijua hivyo.

Hatua ya 3: Mwandike mzee wako kwenye karatasi

Huwezi kupima kama mahali panamfaa mtu usiyemweleza. Kaa na shangazi, mama mdogo, yeyote aliyemjua ujanani, muandike kurasa mbili. Anaitikia jina gani? Wengine husahau jina lao la kwenye kitambulisho lakini ukiwaita “Mwalimu” au “Mama Fulani” wanageuka. Alikuwa akiamka saa ngapi? Aliyefanya kazi shamba la mkonge au reli miaka thelathini ataamka kabla ya alfajiri na kutafuta viatu, na mhudumu asiyejua hilo atasema ni mkorofi. Anapenda nini: bada na samaki, au uji wa mchele? Chai yake na sukari kiasi gani, na je, ana kisukari? Anaogopa nini? Akilia, nini kimekuwa kikimtuliza?

Lugha ipewe mstari wake. Ugonjwa huu hula kwanza yaliyojifunzwa baadaye, na wagonjwa wengi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Bibi aliyezungumza Kiswahili safi maisha yake yote ya Ngamiani anaweza kubaki na Kidigo, Kibondei au Kisambaa pekee. Akiomba maji kwa Kisambaa na asiwepo wa kuelewa, atakaa na kiu. Kwa hiyo uliza wazi: nani hapa anasema lugha yake, na yuko zamu gani?

Karatasi hii ndiyo utakayokwenda nayo. Mpe mwenyeji aisome mbele yako. Anayeuliza maswali juu yake amekuonyesha kitu. Anayeikunja na kuiweka mezani amekuonyesha kitu pia.

Hatua ya 4: Familia ikae kikao

Fupi tu. Akae mjomba, aje shangazi, wa Dar apigiwe simu, ijulikane nani analipa, nani anatembelea siku gani, nani ana neno la mwisho daktari akiuliza. Msipofanya hivyo mapema, lawama zitamwangukia yule yule aliyekuwa akikesha.

Hatua ya 5: Ziara ya kwanza, ya mchana

Nenda bila mzee. Simama karibu na mlango kidogo kabla ya kuketi ofisini, usikilize wanavyowaita wazee. “Shikamoo bibi” ikitoka yenyewe, kwa mzee ambaye hatajua hata nani amemsalimu, ni dalili njema sana. “We kizee, kaa chini” ukiisikia mara moja mchana kweupe, fikiria inavyosemwa usiku.

Tazama kucha, midomo na nguo. Midomo iliyokauka na kupasuka inaonyesha watu hawanyweshwi. Mgonjwa wa kusahau haombi maji hata joto la Februari likiwa limemkausha. Lazima mtu amletee kikombe, amshikishe mkononi, asubiri anywe. Mzee wa mwili wa kawaida anahitaji glasi 6 hadi 8 kwa siku, isipokuwa daktari ameweka kikomo kwa sababu ya moyo au figo. Uliza wanajuaje kila mmoja amekunywa kiasi gani. Harufu ya mkojo ya mara moja ni jambo la kawaida penye wagonjwa. Harufu iliyokaa kwenye magodoro na kuta ni ya siku nyingi.

Kaa mpaka wakati wa chakula, hata wakikuambia uje siku nyingine. Hapa ndipo utakapojifunza zaidi kuliko kwenye mazungumzo yote. Je, anayelishwa ameketi wima, au amelazwa? Kijiko kinangoja ameze, au kinafuata kingine? Baadhi yao huweka chakula shavuni wakasahau kumeza, na chakula kikiingia njia ya hewa huleta homa ya mapafu. Anatakiwa abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula. Na kwa kuwa hii ni Tanga, uliza nani anatoa miba ya samaki. Changu na tasi ni watamu, lakini mgonjwa asiyekumbuka kutema mwiba ni wa kuchambuliwa samaki wake kwa vidole, kila siku, na mtu anayeona.

Halafu sikiliza maswali yanayorudiwa. Kutakuwa na mzee anayeuliza, “Mama yangu amekuja?” Mhudumu mbaya atamjibu kwa ukweli mkavu, “Mama yako alikufa zamani,” na mzee atapata msiba upya, kwa mara ya tano siku hiyo. Mhudumu anayejua kazi ataketi: “Bado sijamwona. Hebu niambie, alikuwa akipika nini?” Hamdanganyi kwa hila, anaiona huzuni iliyo chini ya swali na kuijibu hiyo. Ukimwona mtu wa namna hii, uliza jina lake na zamu zake.

Hatua ya 6: Rudi jioni, bila taarifa

Ziara hii wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wagonjwa wengi wa demensia huharibikiwa kuanzia saa kumi na moja jioni: wanahangaika, wanataka kwenda kwao, wanalia, wanapiga. Jua likishuka vivuli vinawatisha, uchovu wa siku umewafika, na wahudumu nao wako katika kubadilishana zamu. Nyumba iliyotulia saa nne asubuhi inaweza kuwa nyumba nyingine kabisa saa moja usiku.

Fika wakati huo. Taa zimewashwa mapema? Umeme ukikatika wanafanya nini? Anayetaka kuondoka anazuiwa mlangoni kwa kusukumwa, au kuna mtu anatembea naye uani mpaka atulie? Kwa mzee aliyeswali maisha yake yote, adhana ya magharibi inaweza kuwa kamba ya kushikia. Maji ya udhu yameandaliwa, mswala umetandikwa, na akikosea rakaa hakuna anayemkemea. Kwa Mkristo, wimbo wa kanisani alioujua utotoni hufanya kazi ileile. Nyimbo na sala hukaa kwenye kumbukumbu baada ya mengi mengine kuondoka.

Uliza: saa nane usiku wako macho wangapi, kwa wazee wangapi? Usikubali jibu la “wapo wa kutosha.” Omba uone walikolala wa zamu ya usiku. Kama ni mtu mmoja naye ana kitanda mlango wa pili, basi usiku hakuna zamu.

Ramadhani nayo iulizwe, hasa kwa mwenye kisukari anayeng’ang’ania kufunga kwa sababu ndicho anachokumbuka. Aliyeondokewa na akili hana lazima ya saumu, na mara nyingi sheikh anayemheshimu akimwambia mwenyewe hukubali kula kwa utulivu. Nyumba nzuri itakuwa imeshalifikiria hili.

Hatua ya 7: Maswali matatu magumu

La kwanza: mnawatulizaje wanaohangaika? Unatafuta neno “dawa.” Haloperidol na chlorpromazine, ambazo watu huziita tu dawa za kutuliza, zina nafasi yake kwa maelekezo ya daktari na kwa muda mfupi, lakini kwa wazee wenye demensia huongeza hatari ya kufa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2005 kwa dawa mpya za kundi hili, na mwaka 2008 ikaliongeza kwa zile za zamani, haloperidol ikiwemo. Wazee wote wakiwa wamesinzia vitini saa tano asubuhi, omba kuona daftari la dawa: nani aliandika, lini, na lini zitapunguzwa. Uliza pia habari ya kufunga watu. Kamba, kanga iliyofungwa kitini, mlango wa chumba unaofungwa kwa nje: kokote ulikoviona, ondoka.

La pili: kwa maoni yenu, nini kimewapata hawa? Huku kwetu wengi bado wanasema mzee amerogwa, au ana majini, au yeye mwenyewe ndiye mchawi na sasa yanamrudia. Dua na kisomo vikimpa faraja ni vyema. Lakini mhudumu anayeamini kwamba bibi anajifanya, au analipa maovu yake, hatamvumilia atakapojichafua saa tisa usiku. Sikiliza kwa makini mpishi na mlinzi wanavyojibu, si mkuu wa nyumba peke yake.

La tatu: mzee akibadilika ghafla, mnafanya nini? Jibu unalolitaka ni kwamba wanampima joto, wanampeleka hospitali siku hiyo hiyo, na wanakupigia simu wakiwa njiani. “Ndiyo ugonjwa wake unavyozidi” ni jibu linaloua watu wenye malaria.

Hatua ya 8: Choo, bafu, geti

Choo cha kukaa, na vyuma vya kushikia ukutani. Goti la mzee halimudu kuchuchumaa. Sakafu kavu. Taa ya usiku kutoka kitandani mpaka chooni. Chandarua kisichotoboka.

Bafu lina jambo la stara. Nani anamwogesha mama? Kama jibu ni kijana wa kiume, kwa sababu siku hiyo ndiye aliyepo, mama yako atapigana, na ataandikwa kuwa ni mkali. Mwanamke aogeshwe na mwanamke, akiwa na kanga mabegani, akielezwa kila kinachofuata.

Geti lifungwe, maana wanaotoka hutoka kweli, na Raskazone ufukwe uko karibu sana na Chumbageni magari hayasubiri. Lakini madirisha yenye nondo na geti lenye kufuli ni mtego moto ukiwaka. Uliza ufunguo uko wapi usiku, na mwambie mhudumu auchukue mbele yako, uone anachukua muda gani. Nyumba zinazojali huwa zimepeleka picha za wazee wao kijiwe cha bodaboda cha jirani na kuwavisha bangili yenye namba ya simu. Hata mzee akibaki kwenu, fanya hivyo wiki hii.

Hatua ya 9: Kama ni mlezi wa kulipwa nyumbani

Mpime kwa vipimo hivyo hivyo, halafu akae na mzee wewe ukiwepo kwa siku kadhaa kabla hujamwachia. Usimkabidhi binti aliyekuja kwa kazi za ndani ukamwongezea na mgonjwa juu yake. Kupika kwa nyumba nzima, kufua na kumchunga mtu anayetoka nje ni kazi za watu wawili. Mtu mmoja hawezi kukesha usiku na kuhangaika mchana, hata awe na moyo kiasi gani. Mkubaliane siku ya mapumziko, mshahara usiochelewa, na nani anakaa zamu yake. Mara nyingi ukali wa walezi huanzia kwenye usingizi walioukosa.

Hatua ya 10: Fedha na karatasi

Pata kwa maandishi: ada ya mwezi, na kilicho nje yake, yaani nepi za watu wazima, dawa, usafiri wa hospitali, kinyozi. Kila malipo yawe na risiti. Kadi ya benki ya mzee na namba yake ya siri zisikae na anayemlea, na uhakiki wa pensheni asimamie mtoto aliyechaguliwa kwenye kikao. Hati ya nyumba na shamba ziwekwe mahali salama kabla hajahama. Mzee asiyejua anachotia dole gumba anaweza kuuza kiwanja kwa sahani ya biriani, na kesi yake itawachukua miaka.

Hatua ya 11: Wiki za kwanza

Apelekwe asubuhi, akiwa ameshiba, na shuka zake, mto wake, kikombe chake, picha za watu anaowajua ukutani. Atalia na kutaka kurudi. Kwa siku za mwanzo ni kawaida. Tembelea, ubadilishe saa kila mara.

Kila ukienda, mwogeshe au mbadilishe nguo mwenyewe angalau mara moja. Ndiyo njia ya kuona ngozi. Tazama chini ya mgongo, nyonga na visigino. Ukiona mahali pamebadilika rangi na ukipabonyeza hapafifii, au kwenye ngozi nyeusi ukihisi pana joto au ugumu kuliko pembeni, kidonda cha kulalia kimeanza. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi. Mpime uzito kila mwezi, uuandike. Mkanda ukianza kukazwa tundu mbili zaidi ya zamani, kuna kitu hakiendi sawa mezani.

Michubuko mikononi kwa ndani, alama za kamba, au kujikunyata kila mtu mmoja fulani anapoingia: piga picha, andika tarehe, muulize mkuu wa nyumba siku hiyo. Kukiwa na jeraha lisiloelezeka, pitia polisi upewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali, kisha ofisi ya Ustawi wa Jamii. Mzee asilale pale usiku huo. Habari ya ada mliyokwisha kulipa mtaizungumza baadaye.